Kitanda cha Fundi Sitaki-Kitu

Hivi wewe unayenisoma, umewahi kupokea kitu kwa mikono miwili, ukapiga na magoti kushukuru, halafu baadaye ukaenda kuisugua mikono hiyohiyo kwa majivu?

Mimi nimeisugua. Nimeisugua mpaka vidole vikachubuka, na harufu bado ninaisikia.

Kwa aliyekosa ya wiki iliyopita, nimkumbushe kwa ufupi. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu anatambaa, yuko mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi. Ada ilitushinda. Mjomba wake alichangisha ukoo mzima, akaondoka na mchango, na mpaka leo simu yake haipatikani. Nikauza cherehani yangu, ikaliwa na muhula mmoja tu. Ndipo akatokea fundi seremala mwenye karakana mkabala na geti la hospitali. Mtu mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono, penseli sikioni. Akalipa ada. Akanunua sare, viatu vyeupe, na ile saa ya kubandika kifuani ya kuhesabia mapigo ya moyo. Aliponiona nalala chini akanipima kwa tepu yake, kichwa mpaka unyayo, akanichongea kitanda.

Kila nilipomuuliza tumlipe nini, jibu lilikuwa moja: "Bibi, mimi sitaki kitu." Mtaa ukampa jina, Fundi Sitaki-Kitu.

Hadithi tuliiachia mlangoni kwa jirani yangu, Mama Pacha, ambaye mumewe amelazwa wodi ileile anayojifunzia mjukuu wangu. Nilikuwa nimekwenda kuchukua chupa ya uji nimpelekee mgonjwa. Mara Fundi huyo hapo, kofia mkononi, tepu inaning'inia kiunoni, nyuma yake gari lenye turubai jeusi.

"Poleni sana kwa msiba," akasema.

"Msiba gani?" Mama Pacha akauliza. Alikuwa ameshika kifuniko cha chupa.

Fundi akainamisha kichwa. "Mama, najua ni mapema. Lakini wengine watakuja na maneno matamu wakuuzie mbao zenye mchwa. Mimi nimewahi ili usihangaike. Gari lipo, sanduku lipo, malipo tutaongea taratibu. Marehemu alikuwa na urefu gani? Kama mimi hivi?"

"Marehemu nani?"

"Mzee. Wa wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani."

Kifuniko kikamtoka, kikabingirika mpaka mtaroni. Mama Pacha akaketi palepale chini, miguu imenyooka mbele kama mtoto, akatoa ukelele ambao sijawahi kuusikia tangu nihamie mtaa ule. Binti zake pacha, waliomaliza shule mwaka jana, wakatoka mbio, mmoja mikono yote povu la sabuni.

Majirani wakajaa. Mmoja akaanza kutoa viti nje. Mwingine, asiyependa kupitwa, akauliza sufuria kubwa iko wapi.

Simu ya Mama Pacha ikalia.

Ililia mfukoni mwa gauni lake, hakuna aliyeijali. Ikakatika, ikalia tena. Nikainama, nikaitoa, nikaiweka sikioni.

"Nyie watu!" sauti ya kiume ikafoka. "Huo uji mmeenda kuukopa wapi? Tumbo limeshafunguka, nina njaa kama fisi, na jamaa wa kitanda cha pili anakula mayai huku ananitazama usoni!"

Nikaifungulia sauti, wote wasikie.

"Baba Pacha?"

"Sasa nani, mzimu wangu? Na hizo kelele za nini? Nani kafa?"

Watu wakatazamana. Aliyeshika kiti akakirudisha ndani taratibu, kana kwamba alikuwa amekitoa kukifuta vumbi tu. Halafu macho yote yakamgeukia Fundi.

Fundi akatoa simu yake, akaitazama, akakunja uso. Akasema kwa sauti ya chini, na hili nililisikia kwa sikio langu mwenyewe:

"Huyu mtoto leo kaniingiza mkenge."

Kisha akanitazama mimi. Kidogo tu, jicho likapita. Lakini Mama Pacha, pale chini alipokaa, aliliona lilipotua.

*

Mjukuu wangu alirudi alasiri. Nilikuwa nimeketi kitandani nikimngoja, mkono kwenye ubao wa kichwani. Ubao ule una majani yaliyochongwa ukingoni, jani kubwa, jani dogo, jani kubwa, halafu umepakwa vanishi mpaka unajiona sura.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kaa."

"Acha kwanza nivue viatu, nimesimama tangu asubuhi..."

"Kaa na viatu vyako. Nani kamwambia Fundi kwamba Baba Pacha amekufa?"

Akakaa. Ile saa ya kifuani ilikuwa inapanda na kushuka kwa jinsi alivyopumua.

"Pazia lilivutwa," akasema.

"Pazia ndiyo nini?"

"Wodini, Bibi, mtu akikata roho, kitu cha kwanza ni kuvuta pazia kuzunguka kitanda. Nilikuwa nimetumwa maabara. Narudi, naona pazia la dirishani limevutwa pande zote. Sista anatoka na beseni, uso umemshuka, anasema, 'Huyu mzee basi tena.' Nikatoka koridoni nikabipu."

"Ukabipu."

"Nabipu, yeye ananipigia. Namwambia kitanda."

"Na Sista alikuwa na maana gani, huyu mzee basi tena?"

Akaangalia viatu vyake. "Walikuwa wanamwekea dawa ya kufungua tumbo, ile ya kupitia nyuma. Akamtukana Sista, akalipiga teke beseni."

Siku nyingine ningecheka mpaka nishike mbavu. Siku hiyo mate yalinijaa mdomoni, yale ya chumvi yanayotangulia kutapika.

"Tangu lini?"

"Tangu ada ya kwanza."

Sikuuliza wangapi. Kuna hesabu ambayo hutaki kuisikia kwa mtoto uliyemfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda.

"Alisema anataka kuwasaidia wafiwa," akaendelea, mbiombio, kama anayesoma kitu alichokikariri. "Eti mtu akifiwa anaibiwa na kila mtu, heri atangulie mwaminifu. Bibi, unadhani tunaishije pale? Mwanafunzi anashinda wodini zamu nzima, anageuza wagonjwa, anabeba vyoo vyao, halipwi hata nauli. Glavu tunanunua wenyewe. Mwenzangu wa chumba anakula uji unaobaki kwa wagonjwa. Anaukoroga upya na sukari asahau ulitoka mdomo gani. Mimi nimebipu tu. Sikumuua mtu. Wangekufa tu, Bibi."

"Kwa nini hukwenda kuomba msaada chuoni?"

"Nilikwenda mwaka wa kwanza. Wakaniambia msaada ni wa waliofiwa na mzazi, nilete cheti cha kifo. Nikasema mama yangu yuko hai ila hatujui aliko. Wakasema basi sistahili. Nirudi akishakufa."

"Walisema hivyo? Kwa maneno hayo?"

"Waliongeza pole."

Mimi elimu yangu ni ya msingi, na hata hiyo niliisomea kwa kuchungulia daftari la jirani. Sijui mambo ya vyuo. Lakini najua uchafu nikiuona, na siku hiyo sikujua nianze kufagia upande gani.

"Na wale wanaokata roho polepole," nikamuuliza, "ulikuwa unawatazamaje? Kama wagonjwa, au kama ada?"

Akaishika ile saa kifuani. Kisha akasema jambo ambalo natamani asingelisema, na namshukuru kwamba alilisema.

"Kuna mzee mmoja alizidiwa karibu na kufungua muhula. Nikajua ndiye. Asubuhi nafika, amekaa, anaomba chai." Akameza mate. "Nilikasirika, Bibi. Nilikasirika kwamba amepona."

Nikasimama kutoka kwenye kile kitanda kama niliyekalia kaa la moto.

Jani kubwa, jani dogo, jani kubwa. Nilikuwa nimeyaona yale majani mahali pengine. Nimeyaona mara nyingi, kwenye masanduku yaliyosimamishwa ukutani pale karakana, nikajiambia basi ndivyo mkono wake ulivyozoea. Ubao mmoja. Kipande kirefu kinakwenda kwa marehemu, kinachobaki kinakuja kwa Bibi. Na mimi nilikuwa nalala hapo, nakoroma, naota ndoto nzuri.

Mama yangu alikuwa akisema cha mtu mavi, nami nilimkataza asiseme hivyo mbele ya watoto. Leo najiuliza nilimkataza kwa nini.

"Mtihani wa mwisho ni mwezi ujao," mjukuu wangu akasema. "Ada yake Fundi anailipa Jumatatu. Asiyelipa hafanyi. Na asiyefanya, hii miaka yote imeoza, Bibi. Yote."

Naandika hili nikiona haya. Moyo wangu ulisema: acha mtihani upite kwanza. Apate cheti, halafu ndipo tukasirike. Ulilisema kwa sauti ya upole kabisa, kama ya Fundi. Ndiyo maana sikuusikiliza.

*

Ijumaa asubuhi nikamwita msukuma mkokoteni.

"Bibi, unahama?"

"Nahamisha."

"Kitanda kizuri hivi kinakwenda wapi?"

"Kwa baba yake."

Akakiinua upande mmoja, akapitisha kidole kwenye vanishi. "Kama kimekuchosha si unipe mimi? Mke wangu ana mimba kubwa, tunalala kwenye maboksi."

"Mwanangu, ukijua ndugu za hizi mbao wako wapi, utalala kwenye hayo maboksi na utayashukuru."

Akakinusa. "Mbona kinanukia vizuri?"

"Ndiyo ubaya wake."

Alisukuma njia nzima akinitazama kwa pembe ya jicho, kama mtu aliyekodiwa na mwehu na hajalipwa bado.

Karakana ilikuwa imefunguliwa. Masanduku makubwa yamesimama ukutani, vifuniko kando. Juu yao kuna rafu, na kwenye rafu kuna yale madogo, ya watoto, yamepangwa vizuri kwa ukubwa kama mabati ya mikate. Hayakuwa na vumbi hata chembe. Mfanyakazi mmoja mzee alikuwa anapiga msasa huku anapuliza mluzi.

Fundi akanyanyuka, akanifutia kiti.

"Karibu, Bibi. Vipi, kimelegea?"

"Hakijalegea. Mgongo umekikataa."

Akatazama mkokoteni, akanitazama, akaelewa. Hakushtuka hata kidogo. Akaweka penseli sikioni.

"Bibi, jana lilitokea kosa. Nilifedheheka, gari nililirudisha tupu, mafuta yangu yakaenda bure. Lakini mtoto nimemsamehe."

"Wewe umemsamehe?"

"Mtoto akikosea mara moja hatupwi."

"Fundi," nikasema, "siku zote nakuuliza unataka nini, unaniambia hutaki kitu."

"Na sitaki kitu."

"Ni kweli. Hutaki kitu. Unataka mtu, tena awe ameshakata roho."

Mluzi ukakoma. Fundi akacheka kwa adabu, meno yake meupe, yamepangana kama yale masanduku ya juu.

"Bibi, mimi siui. Daktari anashindwa, Mungu anachukua, mimi napima. Kazi hii ni ya kuwahi. Yule wa ng'ambo ya barabara anawahonga walinzi wa geti, hela inaishia kwenye pombe tupu. Mimi nikasema hapana, mimi nitasomesha. Mtoto anapata cheti, mfiwa anapata sanduku la heshima, mimi napata mkate. Nani kaumia hapo? Nionyeshe."

"Mama Pacha..."

"Mume wa Mama Pacha anakunywa uji." Akavuta kiti chake karibu. "Sasa nikuulize na mimi. Chuo kililipa? Ukoo wenu ulilipa? Huyo mjomba? Nitajie mmoja aliyemnunulia yule mtoto hata soksi. Mmoja tu, Bibi, nimwombe radhi."

Nikafungua mdomo. Sikupata jina.

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Yule mtu ananuka, na alilolisema lilikuwa kweli.

"Unaona," akasema taratibu. "Nina watatu pale chuoni, na wako ndiye mwenye akili. Jumatatu nalipa ada ya mtihani kama nilivyoahidi. Ila mwambie aombe kuhamia wodi ya mahututi. Kule mapazia hayadanganyi."

Nikatema mate. Nilitema pale kwenye maranda, mbele ya viatu vyake vilivyopigwa rangi, na sijawahi kutema mbele ya mtu tangu nizaliwe.

"Usilipe. Kitanda chako hicho. Sare nitazifua nikuletee."

"Sare nizifanyie nini, Bibi?" Akainama, akayafukia mate yangu kwa maranda kwa ncha ya kiatu, polepole, kama paka. Akaivuta tepu yake, akaiachia, ikarudi ndani na mlio. "Kitanda kiache. Wala hatugombani. Na siku ukihitaji kingine, usisumbuke kuja. Vipimo vyako ninavyo."

Msukuma mkokoteni alikuwa ameshafika barabarani. Nilimlipa kwa kumkimbilia.

*

"Bibi, umenimaliza," mjukuu wangu akasema, akitazama mahali kitanda kilipokuwa. Sakafuni palibaki alama nne za miguu.

"Anataka uende wodi ya mahututi."

"Najua. Alishaniambia."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nitakuja kukuuliza wewe." Akatabasamu vibaya. "Sikukuuliza."

Simu yake ikalia mkononi mwake. Tuliitazama wote wawili mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Akaizima. Halafu akaifungua ile saa kifuani, akaiweka dirishani.

"Hii nayo ni yake."

"Utahesabuje mapigo ya watu?"

"Nitaazima ya mwenzangu."

"Na Jumatatu?"

Cha kuuza hatuna. Nimebaki na mkeka, sufuria, na picha ya marehemu babu yake ambayo hata kwa bure hataichukua mtu, alipigwa amefumba macho.

Jumamosi Baba Pacha akarudi nyumbani, amekonda ila mdomo mzima. Alikaa kibarazani akiwahadithia wapita njia.

"Jamani, nasikia nilipimwa! Walinikadiria futi ngapi? Maana mimi miguu yangu mirefu, wasije wakanikunja!"

Watu wakacheka. Binti zake wakacheka. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia, na kila nilipoinua macho, yake yalikuwa kwangu.

Angenitukana ningepumua. Angekuja na mwiko ningeukinga. Lakini alinyamaza tu, ananitazama kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata.

Jioni mjukuu wangu akaja na habari iliyonikausha.

"Bibi, leo asubuhi Mama Pacha alikuwa hospitali. Si kwa mumewe. Alikuwa benchi la nje ya ofisi ya Metroni."

Metroni ndiye mkuu wa wauguzi wote pale, mwanamke ambaye akipita koridoni hata matroli yananyooka. Neno lake moja, mwanafunzi anavua sare hapohapo.

"Aliingia?"

"Aliingia. Alikaa sana."

Basi. Hapo nikajua ada ya mtihani si shida tena.

*

Jumapili mchana, mjukuu wangu yuko zamu, nikasikia hodi.

Alikuwa Mama Pacha. Ameshika ile chupa ya uji. Kifuniko kile kilichoanguka mtaroni kimesuguliwa mpaka kinang'aa.

"Karibu, mwanangu," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine.

Akaingia, akaangaza chumba. "Kitanda kiko wapi?"

"Nimekirudisha."

"Umekirudisha?" Akaacha mdomo wazi. "Kile kitanda? Kizima vile, kipya?"

"Kilinitia kinyaa."

Akakaa mkekani, akaivuta nguo yake kufunika magoti, akaiweka chupa katikati yetu.

"Bibi, nikuulize."

"Uliza."

"Alilipa ada yote? Au nusu?"

Nikajua ndiyo hayo. Anakusanya ushahidi. Nikasema moyoni, sitaongeza uongo juu ya uchafu.

"Yote."

"Kabla muhula haujaanza, au mpaka wamfukuze darasani kwanza?"

"Kabla."

"Na viatu? Wanasema viatu vyeupe ni ghali."

"Na viatu. Na sare jozi mbili. Na saa ile pale dirishani."

Akaitazama saa. Akainyanyua, akaigeuza, akaisikiliza, akairudisha palepale polepole.

"Na hakuwahi kumgusa? Kumtaka mambo mengine?"

"Hakumgusa. Alikuwa anataka kitanda tu. Namba ya kitanda."

"Kitanda tu," akarudia.

Sikuweza tena. Nikapiga magoti mbele ya mtoto wa juzi.

"Mama Pacha, mwanangu, najua umekwenda kwa Metroni. Umeonekana. Kama umeshasema, niambie nijue. Yule mtoto kakosa, amekukosea wewe na mumeo, na simtetei. Lakini ameacha. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuzwe mimi mtaani. Alibakiza mtihani tu."

"Inuka, Bibi. Inuka, usinipe laana."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia kitu. Nilikwenda kumuuliza."

"Kumuuliza nini?"

Akaanza kukifungua kifuniko cha chupa na kukifunga, kukifungua na kukifunga.

"Huyu wangu, yule aliyetangulia mwenzake kuzaliwa. Amepata nafasi chuoni. Uuguzi. Habari ilikuja siku ileile baba yake alipolazwa, hata sikuwahi kumpongeza. Nikaenda kwa Metroni, nikamuuliza mtoto wa maskini anasaidiwaje. Unajua aliniuliza nini?"

Nilijua.

"Aliniuliza kama mume wangu amekufa. Nikasema hapana, nashukuru Mungu, anatoka leo. Akafunga faili. Akasema basi msaada haumhusu." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Nimetoka pale, Bibi, nimemtazama baba wa watoto wangu anavaa shati lake, na sikufurahi kama inavyotakiwa."

Nje, kibarazani kwao, Baba Pacha alikuwa anamsimulia mtu mwingine habari ya futi zake. Tulimsikia sote wawili.

"Sikuja kugombana," akasema. "Siku zote hizi nakutazama, neno linanifika hapa, linarudi. Leo nalisema. Nilitaka unisemee kwa Fundi. Wako amemaliza, au ameacha, vyovyote. Nafasi yake iko wazi."

"Mama Pacha! Yule mtu alikuja kumpima mumeo anapumua!"

"Alikuja." Akakifunga kifuniko kwa nguvu, akainuka, akakung'uta nguo. "Kwa hiyo wala usihangaike kumwelekeza. Mlango wetu anaujua."